Ukurasa wa Tatu wa Dodoso

Dodoso lilichapwa chuoni, wino ukiwa unakata roho,
kurasa nne, pini moja.
Ukurasa wa tatu, swali la kumi na moja:
Je, mtoto anawasiliana? Ndiyo. Hapana.
Weka alama ya vema.

Lulindi, wilaya ya Masasi, darasa la awali:
watoto sitini na wawili, mkeka mmoja na nusu.
Mwalimu Nachundu alinikabidhi chaki mbili,
ndoo yenye mfuniko, kikombe cha bati,
akasema: "Hawa Wamakua, wale Wayao,
Wamakonde wameteremka na wazazi msimu wa korosho.
Yule wa dirishani sijui wa nani.
Andika tu, wa kwetu."

Mimi niliandika: Mtoto Na. 14.
Maadili ya utafiti, jina la mhusika lifichwe.
Nililificha vizuri, hata mimi sikulijua.

Siku tisa Na. 14 hakutoa neno.
Nilimwonesha picha ya treni
(nani kaona treni Lulindi?),
nikamwonesha picha ya tufaha.
Alilitazama kama mtu anavyotazama
mkono wa mgeni asiyemjua.
Nikauliza polepole, nikauliza kwa sauti,
kana kwamba ukimya ni uziwi.
Kisha kalamu ikanitangulia:
Hapana.

Siku ya kumi nilileta korosho zilizobanguliwa, za kuhesabia.
Tano zikawa tatu, tatu zikawa moja,
mashavu yakatuna.
Kwenye andalio la somo niliandika kujumlisha.
Nimefundisha kutoa.

Korosho huleta kiu.
Foleni ikajipanga kwenye ndoo, haikungoja ruhusa yangu.
Somoe akasema: mahi.
Bwanali akamsukuma: mesi.
Nyuma yao kasauti kembamba: medi, medi.
Nami, mwalimu mtarajiwa,
mwenye vitabu vitatu vya mawasiliano begini,
nikapiga kofi mezani:
"Semeni maji!"

Foleni ikavunjika.
Hakuna aliyesema maji. Hakuna aliyekunywa.
Nzi mmoja alitembea juu ya mfuniko, akageuka, akarudi.

Ndipo Na. 14 akatoka dirishani.
Akafunua ndoo.
Akachota, akampa Somoe: "Mahi."
Akachota, akampa Bwanali: "Mesi."
Akamtafuta yule wa nyuma, akainama kidogo: "Medi."
Siku tisa alikuwa akisikiliza.
Siku tisa nilikuwa nikimchunguza,
naye akilichunguza darasa zima,
bila karatasi, bila pini.

Kikombe cha mwisho akaniletea mimi.
Nikanyoosha mkono. Hakunipa.
Akakishika kifuani, akanitazama mdomo.
Alikuwa anadai neno.

Likatoka lenyewe: amaizi.
Neno la mama, la Muleba, la kisima cha nyuma ya migomba,
neno lililonivalisha kibao shingoni darasa la pili,
kibao cha mbao, kamba ya katani,
mpaka kengele ya saa nane.
Miaka kumi na sita sijalitamka mbele ya ubao.

"Amaizi," akarudia.
Akalitafuna. Akacheka, meno mawili hayapo.
Akanipa kikombe.

Mkufunzi amenirudishia kazi. Wino mwekundu:
Jibu la swali la 11 limefutwa mara mbili. Sampuli ndogo.
Haya maelezo ya pembeni hayaingii kwenye jedwali.
Na hii doa, je?

Doa ni la maji, mkufunzi.
Alikibeba kikombe kwa mikono miwili,
nacho alikuwa amekijaza mno.